Trekta la zamani: nunua chuma, usinunue rangi

Nianze na ukweli mchungu. Ukinunua trekta la miaka ya 60 kwa sababu linang'aa umeuziwa rangi, trekta lenyewe utakuja kulinunua kidogo kidogo dukani kwa spea. Kupuliza rangi mpya juu ya kutu na grisi iliyokauka ni kazi ya siku moja tu. Mi binafsi napenda lile chafu lililolowa oili, maana uchafu unakuonyesha wapi panavuja, lililooshwa jana halikwambii kitu.

Kabla hujaenda kuangalia lolote chagua kwanza aina ambayo spea zake bado zinatengenezwa. Massey Ferguson 135 na kaka yake 35, Ford 5000, hizo gasketi, ringi, klachi, hata bodi mpya zinapatikana. Ila kwenye 35 kuwa makini, za dizeli za mwanzo zilikuja na injini ya Standard ya silinda nne ambayo siku ya baridi inakutoa jasho kuiwasha, baadaye wakafunga Perkins ya silinda tatu na hiyo ndo watu wanaigombania. Usibishane na muuzaji, hesabu paipu zinazoenda kwenye nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), tatu au nne, umemaliza. Halafu kuna Ferguson TE20, yale madogo ya kijivu ya 1946 mpaka 1956, yalitengenezwa zaidi ya laki tano na kwa mtu anayejifunza ufundi sijaona trekta linaloeleweka kirahisi kama hilo.

Sasa siku ya kwenda, mpigie muuzaji mwambie asiliwashe mpaka ufike. Ukifika kabla ya salamu kuisha weka mkono kwenye injini, kama ina moto jua kuna kitu kinafichwa, injini iliyochoka ikishapata joto inawaka vizuri tu, shida yake utaiona ikiwa baridi. Chomoa dipstiki, oili ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia, inaweza ikawa gasketi ya hedi tu au ikawa bloku imepasuka na hapo ni vitu viwili tofauti kabisa mfukoni. Fungua na rejeta kabla ya kuwasha, angalia kama kuna oili inaelea. Ndo uwashe sasa. Moshi mweupe kidogo mwanzoni ni kawaida, ukiendelea hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji, wa bluu inakula oili, mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, labda hata filta tu imeziba. Ikiwa inanguruma fungua kifuniko cha kujazia oili, upepo ukitoka kwa kishindo kama bomba la moshi basi ringi za pistoni na slivu, yaani kuta za silinda, zimeisha.

Lakini injini yenyewe hainitishi sana, kusema kweli. Injini ya silinda tatu unaweza kuifungua na kuifufua kwa pesa inayoeleweka. Kinachoua ni huku nyuma, gia boksi, difu na haidroliki. Endesha gia zote, iweke kwenye mlima kidogo uone kama gia inaruka yenyewe, kanyaga breki moja moja. Funga kitu kizito kwenye lifti, ile mikono ya nyuma ya kunyanyulia, nyanyua, zima injini, kaa upige stori. Mzigo ukishuka haraka ndani kuna sili au valvu inapitisha. Na kwenye TE20 ukiona lifti imekufa usikimbilie kuomba punguzo, pampu yake inazungushwa na PTO, ile shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine, kama lever ya PTO haijaingizwa lifti hainyanyuki hata ufanye nini. Mwisho chungulia rimu za nyuma karibu na valvu, watu walikuwa wanajaza maji yenye chumvi ya kalsiamu kwenye matairi ili kuongeza uzito na hiyo chumvi inakula rimu kimya kimya kwa ndani.

Haya umelileta nyumbani. Tafuta spana za inchi, tafadhali. Matrekta haya ya Uingereza na Marekani nati zake ni za inchi, nusu inchi ni milimita 12.7, ukiweka 13 itashika shika halafu itamenya kona zote za nati na utaanza kutafuta patasi huku unatukana. Kama injini imejamu kwa kukaa muda mrefu usilivute na gari jingine, utavunja pistoni au utapinda koni rodi. Toa nozeli, mimina mafuta mepesi kila silinda, acha siku kadhaa, halafu sukuma pole pole mbele na nyuma kwa mkono kwenye flaiwili.

Injini ikizimika zimika anza na dizeli siku zote. Safisha tanki, badili filta, toa upepo kuanzia kwenye filta, njoo kwenye pampu, halafu legeza nati za paipu kwenye nozeli huku mtu anapiga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu. Niliwahi kupoteza siku mbili nimeng'ang'ana na pampu ya trekta lililokuwa linafanya kazi dakika ishirini linazima, kumbe katundu kadogo ka kupitisha hewa kwenye kifuniko cha tanki kameziba na matope! Nilipofungua kifuniko likalia pssss, nikacheka mwenyewe.

Klachi ndo kazi kubwa, maana mengi ya haya hayana chesisi, injini ndiyo uti wa mgongo, kwa hiyo kubadili klachi unalikata trekta katikati, injini mbele, gia boksi nyuma. Kabla hujalegeza bolti hata moja piga kabari za mbao kati ya eksili ya mbele na kile kibebeo chake, kushoto na kulia, bila hivyo nusu ya mbele itapinduka ubavu na miguu yako iko hapo. Vumbi la klachi na breki za zamani usilipulize na kompresa, nyingi zilikuwa na asbestosi, lowesha na maji ufute.

Kubadilisha badilisha vitu sasa, hapa kila mtu ana lake. Mi naunga mkono altaneta badala ya dainamo, taa zinawaka vizuri na betri inajaa, ila matrekta mengi ya miaka ya 50 ya Uingereza chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, altaneta za kawaida zinataka hasi iwe kwenye bodi, kwa hiyo geuza betri kwanza na waya za amita, ukisahau utaichoma altaneta mpya hapo hapo. Stata haina shida, itazunguka upande ule ule. Naunga mkono pia fremu ya kujikinga likipinduka, iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta hilo, na mkanda juu yake, siyo bomba la maji ulilochomelea mwenyewe. Nisichokubali ni kukoroga skrubu ya pampu ya dizeli ili "liwe na nguvu", unapata moshi mweusi na pistoni zilizoyeyuka. Na ile tabia ya kuwasha kwa bisibisi kwenye stata ukiwa umesimama mbele ya tairi la nyuma iache leo, likiwa kwenye gia linakupanda.

Kama lako ni 135 yenye Multi-Power, yaani swichi ya kubadili kila gia iwe ya juu au ya chini bila kukanyaga klachi, ukiwa unashuka mlima na trela weka upande wa juu kabla hujaanza kushuka, upande wa chini injini haishikilii mzigo, linateleza tu kama baiskeli na breki zile ndogo hazitakusaidia.