Jinsi ya kusoma takwimu za watu na uongozi wa halmashauri ya vijijini kando ya Ziwa Victoria

Anza na mipaka, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea: Wilaya ya Sengerema, mkoani Mwanza, Tanzania, ina halmashauri mbili, Sengerema na Buchosa, na anayechukua idadi ya watu wa wilaya nzima akaigawa kwa zahanati za Buchosa pekee atapata jibu la ovyo.

Kisha angalia tarehe ya kuhesabu. Sensa ya 2022, iliyoupa Mkoa wa Mwanza watu 3,699,872 kutoka 2,772,509 wa mwaka 2012, ilihesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mwezi mpya uliandama siku chache baadaye, na kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, idadi ya watu katika kambi za uvuvi za visiwa vya Buchosa kama Kome na Maisome isomwe kwa tahadhari: huenda wengi walihesabiwa kambini, ilhali wavuvi huhamahama, na wengi familia zao ziko bara.

Kuhusu uongozi, tenganisha waliochaguliwa na walioajiriwa au kuteuliwa. Mwenyekiti wa kijiji na diwani wa kata huchaguliwa na wananchi, ilhali mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, na mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya, ingawa ndiye anayesikika zaidi (hasa kwenye misafara), ni wa Serikali Kuu. Mapato na matumizi ya kijiji ulizia kwenye mkutano mkuu wa kijiji.