Mavazi ya Baridi na Krismasi kwa Mwanafunzi Anayekwenda Skandinavia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo Sweden, Norway au Denmark anapaswa kujua tabia ya mji atakaokaa kabla ya kununua nguo hata moja, kwa kuwa baridi ya nchi hizo haifanani. Lund na Copenhagen, zilizo kusini, hupata mvua na upepo mwingi huku kipimajoto kikizunguka sifuri, hivyo huko koti lisilopenya maji hufaa kuliko koti nene la manyoya ya bata. Umeå, kaskazini mwa Sweden, baridi huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Wenyeji huvaa kwa matabaka: sufu nyepesi inayogusa mwili, sweta juu yake, kisha koti la kuzuia upepo. Wengi wetu hutumia karibu fedha zote kwenye koti na kubaki na fulana za pamba ndani, ilhali pamba ikishika jasho hubaki na unyevu na kumpoza aliyeivaa. Sufu ya kondoo wa merino hutunza joto hata ikilowa kidogo, tena haishiki harufu upesi, jambo la maana kwa mtu atakayefua kwa zamu katika chumba cha pamoja cha hosteli. Kwa kuwa madarasa hupashwa joto vizuri, nguo za juu ziwe rahisi kuvua.

Buti ziwe na nafasi ya soksi nene, kwani mguu uliobanwa hupoa haraka, na barafu ya mitaani inapozidi hutafutwa vyuma vidogo vyenye meno vya kufunga chini ya kiatu. Soksi zenyewe ziwe nzima, maana viatu huvuliwa mlangoni. Anayependa makoti meusi, kama wenyeji wengi, aning'inize kiakisi mwanga ili madereva wamwone.

Desemba ina mavazi yake. Tarehe 13, Sweden huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Lucia kwa nyimbo za waliovaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, lakini mavazi hayo ni ya waimbaji. Mgeni atavaa nguo zake. Karamu za Krismasi za Norway, ziitwazo julebord, huhitaji suti au gauni la heshima, na kwa maoni yangu gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, lenye sufu nyembamba ndani, halihitaji kuombewa radhi popote. Mwaliko wa Kiswidi ukiandikwa kavaj, mwanamume avae suti. Sweta ya Marius, iliyobuniwa na Unn Søiland mwaka 1953 kwa kufuata nakshi za bonde la Setesdal nchini Norway, hupendeza sana lakini mpya ni ghali, kwa hiyo itafutwe katika maduka ya mitumba ya Fretex.

Mitumba ya masoko ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, nayo hutoa sweta nzuri, mradi mnunuzi asome lebo na kuhakikisha kwamba ni sufu, si akriliki. Anayeanza masomo Agosti anaweza kununua buti na koti akishafika. Anayeingia Januari asiweke koti lake katika begi linalokabidhiwa uwanja wa ndege, bali alibebe mkononi.