Picha inaganda, chenga hakuna: jinsi ya kutibu TV ya antena hatua kwa hatua

Enzi za analojia chenga zilikuwa zinasema. Ukiona chenga nyembamba, antena imeyumba. Ukiona picha mbilimbili, ya pili ikiifuata ya kwanza kama kivuli, wimbi linagonga ghorofa na kurudi. Hata mtoto wa miaka kumi alijua kutoka nje, akazungusha bomba la antena, na mwenzake akapiga kelele dirishani: "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!"

Dar es Salaam tuliagana na mambo hayo usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa. Dodoma na Tanga wakafuata mwisho wa Januari 2013, Mwanza mwisho wa Februari, Arusha na Moshi mwisho wa Machi, Mbeya mwisho wa Aprili. Mwaka Mpya ule sikukaa mezani na familia. Simu iliita tangu asubuhi, na karibu kila aliyepiga alisema neno moja: "Fundi, king'amuzi kibovu."

Miaka imepita na bado naitwa kwa neno hilohilo. Nikifika, mara nyingi mno king'amuzi ni kizima. Kinachoumwa ni waya, antena au kichwa cha waya. Tatizo la dijitali ni kwamba haikuonyeshi ugonjwa unavyoingia. Mawimbi yanaweza kupungua mwezi mzima na picha ikabaki safi kama kioo, kwa sababu king'amuzi kinasahihisha makosa chenyewe. Siku yakishuka chini ya kiwango kinachohitajika, picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, halafu unabaki na "No Signal". Mwenye nyumba anasema jana ilikuwa nzima. Haikuwa nzima, ilikuwa inamezwa polepole.

Nimeandika mwongozo huu ili ujipimie mwenyewe kabla hujatoa hela. Unahusu ving'amuzi vya antena tu. Cha dishi kina mambo yake.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupanda

Ngazi iache kwanza. Kaa mbele ya TV ujibu maswali haya.

Je, maandishi ya king'amuzi yanaonekana ukibonyeza menyu? Kama hayaonekani kabisa, shida si antena. Angalia kama TV iko kwenye tundu sahihi la kuingiza picha, AV au HDMI, kisha angalia adapta. Umeme wetu hupanda na kushuka, na adapta ya volti 12 ikichoka, king'amuzi huwaka na kujizima, au huganda kikipata joto. Jaribu adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile zilizoandikwa mgongoni mwa king'amuzi.

Je, chaneli zimepotea zote au kundi moja? Hili ni swali la dhahabu. Zamani kila kituo kilirusha kwa mtambo wake na masafa yake. Sasa chaneli nyingi zinafungwa pamoja na kurushwa kwenye masafa mamoja, kama abiria wa basi moja. Kwa hiyo zikiondoka chaneli nane kwa mpigo na nyingine zikabaki, basi moja ndilo halifiki kwako. Huenda masafa yamebadilishwa na unahitaji kutafuta upya, au antena yako haiyashiki masafa yale vizuri. Zikiondoka zote, fuata waya.

Je, picha hazipo lakini kuna maandishi yanayodai malipo au kadi? Hapo mawimbi yanafika. Usiguse antena, piga simu kwa kampuni.

Je, jirani anaona? Mwulize mwenye king'amuzi cha kampuni ileile. Kama mtaa mzima uko gizani, mtambo ndio umezima, nawe subiri.

Hatua ya 2: Hakikisha king'amuzi kinaelewa lugha

Waliopewa leseni ya kurusha matangazo ya dijitali ya ardhini wakati ule walikuwa watatu: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. King'amuzi kilichofungwa kwa kampuni moja hakitakufungulia mawimbi ya nyingine hata ukipanda mnarani.

Kama unatumia king'amuzi huru au TV yenye king'amuzi ndani, tafuta maandishi DVB-T2, yaani kizazi cha pili cha matangazo ya dijitali ya antena. Yale ya DVB-T peke yake ni kizazi cha kwanza, hayafungui T2. Wenzetu wa Kenya walianza na DVB-T mwaka 2009, kisha wakahamia T2, na waliowahi kununua vya mwanzo wakaachwa. TV zinazoletwa mitumba kutoka nje zina mtego huo: kwenye boksi limeandikwa neno "digital", lakini ndani ni T ya zamani. Soma karatasi ya mgongoni, usisome boksi.

Hatua ya 3: Fungua ukurasa wa mawimbi

Hapa ndipo penye chenga zetu za siku hizi. Ingia kwenye menyu, tafuta sehemu ya kusakinisha, kisha kutafuta chaneli kwa mkono. Utaona mistari miwili: Strength, yaani nguvu, na Quality, yaani ubora. Watu wengi wanakazania nguvu. Wewe kazania ubora. Nguvu inakuambia kuna kelele kiasi gani mlangoni, ubora unakuambia kama maneno yanasikika. Nimeona nyumba yenye nguvu 90 na ubora 15, picha hakuna. Nimeona nguvu 45 na ubora 80, picha haitikisiki.

King'amuzi kikikuuliza masafa, hesabu ni rahisi kwa UHF, yale masafa ya juu ya TV: zidisha namba ya chaneli ya mawimbi (si namba ya kituo kwenye rimoti) kwa 8, ongeza 306. Chaneli ya 21 ni megahetsi 474, ya 30 ni 546. Upana wa masafa (Bandwidth) weka megahetsi 8.

Andika namba zote mbili kwenye karatasi kwa kila kundi la chaneli. Bila namba za mwanzo hutajua kama ulichofanya juu kimesaidia au kimeharibu.

Hatua ya 4: Waya, waya, waya

Mama mmoja wa Tabata aliniita akiwa na ving'amuzi viwili mezani. Cha pili alikuwa amekinunua wiki ileile, maana cha kwanza aliambiwa kimeungua. Vyote viwili viliganda kila jioni. Nilimwomba kisu, nikakata waya sentimita chache tu nyuma ya king'amuzi, nikauinamisha juu ya kiganja changu. Likadondoka tone la maji. Waya ulikuwa umepasuka juu, pale unapokwaruzana na ukingo wa bati, mvua za masika zikaingia, na maji yakatembea ndani ya wavu, zile nyuzi zinazoizunguka shaba ya katikati, mpaka sebuleni. Nilipoumenya, shaba ilikuwa kijani na wavu umegeuka unga mweusi. Mama alishika mdomo. Zile hela za king'amuzi cha pili zilikuwa ada ya shule, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Basi fanya hivi. Chomoa TV na king'amuzi kwenye umeme. Ufuate waya wote kwa mkono kutoka king'amuzi hadi antena. Tafuta mikunjo mikali, viungio vilivyosokotwa na kufungwa tepu, meno ya panya, ganda lililopasuka kwa jua. Kiungio cha kusokota kilivumilika enzi za analojia, kwenye dijitali kitoe. Kama waya umeingia maji, usiukaushe. Ubadilishe wote.

Nunua waya wa antena aina ya RG6 ya ohmu 75, nene, yenye wavu uliojaa. Huu mwembamba wa bei chee unaouzwa na antena nyingi unakula mawimbi njiani. Hata RG6 nzuri ikiwa na mita 30 inapoteza takribani desibeli 5 hadi 6 kwenye UHF, yaani kinachofika ni robo hadi theluthi ya kilichotoka juu. Kwa hiyo kata waya unaotosha, usiache mzigo umeviringwa nyuma ya kabati.

Kufunga kichwa cha F, kile cha chuma kinachokazwa mwishoni mwa waya: menya ganda la nje sentimita moja na nusu bila kukata wavu. Rudisha wavu nyuma juu ya ganda. Menya povu jeupe ukiacha kama milimita 6 za povu, usikwaruze shaba. Angalia kwa makini, ikiwezekana kwa tochi: uzi mmoja tu wa wavu ukigusa shaba ya katikati, umeua mawimbi yote. Kaza kichwa mpaka povu lilingane na sakafu ya ndani na shaba itokeze milimita 2 au 3 nje ya mdomo.

Kabla waya haujaingia ndani ya nyumba, uache uning'inie kidogo chini ya tundu, kisha upande kuingia. Maji yatadondokea pale chini badala ya kuufuata ndani. Ukikaa Kigamboni au popote karibu na bahari, funika vichwa vya nje kwa silikoni au mpira, maana hewa ya chumvi inakula shaba haraka kuliko mvua.

Hatua ya 5: Antena

Panda mchana, bati likiwa kavu, na mtu akishika ngazi. Bomba la antena likiwa na uwezekano wowote wa kuangukia nyaya za umeme, acha, hamisha sehemu. Mawingu ya radi yakionekana, shuka.

Itazame antena yenyewe. Vijiti virefu karibu na sentimita 75 ni vya VHF, masafa ya chini ya UHF. Vya UHF ni vifupi, kama sentimita 25 hivi. Antena nyingi za enzi zile zilitengenezwa kwa vituo vya VHF, na kama matangazo ya eneo lako yako UHF, ile kubwa unayojivunia inakusaidia kidogo sana. Upande wenye vijiti vifupi ndio unaotazama mnara, ule wenye kijiti kirefu au kimia unakaa nyuma. Nimekuta nyingi zimegeuzwa. Angalia pia za majirani wanaoona vizuri: zinaelekea wapi, na vijiti vyao vimelala au vimesimama? Vyako vifanane, maana ukivilaza mnara ukiwa umevisimamisha unapoteza mawimbi mengi bure.

Sasa kuelekeza. Mtu wa pili akae mbele ya mstari wa ubora, mzungumze kwa simu. Tofauti na zamani, usizungushe mfululizo, kwa sababu king'amuzi kinachelewa sekunde kadhaa kushika. Nyoosha mkono mbele yako, upana wa ngumi yako ni kama nyuzi 10. Zungusha ngumi moja, hesabu hadi kumi, mwulize namba. Songa tena. Ukipata ubora wa juu, pita mbele mpaka ushuke, kisha rudi katikati.

Walio bondeni, kama upande wa Msimbazi kule Kigogo, au nyuma ya vilima vya Kimara, wakati mwingine mwelekeo ulionyooka kwenda mnarani si bora. Jaribu pia kuelekea ghorofa refu linalorudisha mawimbi. Miembe na minazi iliyoloa inameza UHF, kwa hiyo antena ipite juu ya majani, au ihamie upande mwingine wa nyumba. Mita moja kushoto huweza kufanya kile ambacho mita tatu za bomba hazikufanya.

Hatua ya 6: Busta, mwisho kabisa

Wengi wanaanzia hapa, na ndiyo maana nimeiweka nyuma. Busta inakuza kila kinachoingia, pamoja na takataka. Haisafishi ubora ulioharibika juu. Inasaidia ukiwa mbali na mnara na waya wako ni mrefu, na mahali pake ni juu karibu na antena. Ukiifunga nyuma ya TV umechelewa. Ukiwa karibu na mnara inakuumiza: mawimbi yanakuwa makali mno, king'amuzi kinalewa, ubora unashuka. Ukishuku hivyo, itoe na upime.

Busta za zamani zinakuza mpaka megahetsi 862, na sehemu ya juu ya masafa hayo sasa imepewa simu. Kama mnara wa simu umejengwa karibu na picha zikaanza kuganda, jaribu bila busta, au tumia inayoishia 694.

Antena zenye busta ndani zinahitaji umeme kupitia waya. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuwasha umeme wa antena, volti 5. Iwashe kwa antena ya namna hiyo peke yake.

Kigawanyio cha kulisha vyumba viwili nacho kinagawa nusu kwa nusu. Kabla ya kulaumu chochote kingine, kitoe, unga waya moja kwa moja, upime.

Hatua ya 7: Tafuta upya, kisha andika

Futa chaneli za zamani zote, ndipo utafute upya. Ukitafuta bila kufuta, king'amuzi huweza kubaki na orodha ya masafa yaliyohama. Pima wakati wa jioni pia, si mchana tu.

Halafu chukua kalamu ya wino mzito, andika mgongoni mwa king'amuzi: tarehe, masafa, nguvu, ubora. Yule mama wa Tabata nilimwandikia ubora 78. Vuli iliyofuata alinipigia. Hakusema king'amuzi kibovu. Alisema, "Fundi, ile sabini na nane leo ni hamsini na mbili, na mvua imenyesha jana." Nilibeba kichwa kimoja cha F na kipande cha mpira, sikubeba kingine.