At, on, in kwenye muda: usitafsiri, pima ukubwa wa muda kwanza

Kinachotusumbua sisi waongeaji wa Kiswahili kwenye vihusishi vya muda vya Kiingereza sio uzembe, ni kwamba lugha yetu haivihitaji. Tunasema nitakuja Jumatatu, nilizaliwa 1994, tukutane saa mbili, hakuna kaneno hata kamoja mbele ya muda, sasa ukigeukia Kiingereza unadaiwa kaneno na Kiswahili hakijakupa cha kutafsiri, ndo unaanza kubahatisha. Kwa hiyo acha kutafsiri, angalia huo muda una ukubwa gani.

Muda ulio kama nukta, ambao mshale wa saa unaweza kuuonyesha, ni "at": at 8 o'clock, at noon, at midnight. Siku, iwe kwa jina au kwa tarehe, ni "on": on Monday, on my birthday. Ukishavuka siku moja kwenda juu, wiki, mwezi, msimu, mwaka, karne, ni "in". Chukua Muungano wa Tanganyika na Zanzibar: ukitaja mwezi ni in April, ukitaja mwaka ni in 1964, ila ukishaweka ile tarehe 26 inakuwa on 26 April 1964 hata kama mwezi na mwaka bado vipo humohumo. Siku ikitajwa, "on" inashinda, hilo lishike sana maana ndo linaeleza kwa nini ni in the morning lakini on Monday morning. Usiku peke yake ni at night, huo kariri tu.

Ila kabla hujaandika hiyo "at" hakikisha saa yenyewe. Saa mbili asubuhi ni at 8 a.m., na ukiitwa intavyuu at 2 p.m. hiyo ni saa nane mchana, tofauti ni masaa sita siku zote. Na kuwa makini na usiku, kwa sababu wazee wetu wengi siku mpya wanaianzia jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa, na kwa Kiingereza huo ni on Thursday night. Ukimwandikia mgeni on Friday night atakuja shughuli imeisha jana yake.

Kukiwa na last, next, this au every, usiweke kitu: next Monday, every morning, last year. Tomorrow na yesterday vilevile.

Sasa tuje kwenye "mpaka", na hapa naomba tukae kidogo, maana mimi naona ndo panaharibu kazi za watu kuliko hizo at na on. Kiswahili kinasema nitakuwa Arusha mpaka Ijumaa, na pia kinasema mpaka Ijumaa ripoti itakuwa tayari, neno ni lilelile, ila Kiingereza kinayatenganisha. Niliwahi kumwandikia bosi "I will send the report until Friday" nikimaanisha Ijumaa haitapita, yeye akabaki anajiuliza ntakuwa natuma kila siku au vipi, ikabidi nipige simu kueleza upya. Jipime hivi: hilo jambo linaendelea muda wote huo, au ni la kukamilika mara moja? Linaloendelea ni until, I will be in Arusha until Friday. La kukamilika ni by, I will send the report by Friday, ikimaanisha hata Jumatano inaweza kufika, ila Ijumaa ndo mwisho. Kwenye kukanusha utashukuru kwamba inafanana na yetu, haifunguliwi mpaka Jumatatu ni it doesn't open until Monday.

"Tangu" nayo ina mtego wake. Since inataka mahali jambo lilipoanzia, for inataka urefu. Tunazoea kusema niko hapa tangu miaka mitano iliyopita, basi mtu anaandika since five years, hapana, miaka mitano ni urefu: I have been here for five years. Ukitaka since taja mwanzo: I have been here since 2019. Na uone ni have been, sio I am, japo sisi tunasema tu niko.

Na "baada ya". Nakuja baada ya dakika kumi, ukihesabu kuanzia sa hivi, ni I'm coming in ten minutes. After iache kwa tukio, after lunch, after the exam. Mteja akitaka uhakika kwamba haitazidi siku mbili mwandikie within two days, maana in two days anaweza kuelewa ni siku ya pili yenyewe.

Wikiendi usigombane na mtu, Waingereza wanasema at the weekend, Wamarekani on the weekend.

Mwisho on time na in time. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, likiondoka saa hiyohiyo limeondoka on time, na wewe ukifika dakika ishirini kabla, umekata tiketi na siti umepata, umefika in time.