Kumfuata daktari kazini hadi akuandikie barua yenye uzito

Mimi ni daktari wa familia hapa Marekani. Kliniki yetu hupokea wanafunzi wanaojiandaa kuomba shule ya udaktari. Wanashinda nami, wanatazama ninavyohudumia wagonjwa, na baadaye baadhi yao huniomba barua ya mapendekezo. Kuna barua ninazoziandika kwa kikao kimoja, na kuna zinazonitoa jasho. Kinachozitofautisha ni kama kuna jambo nililomwona kijana huyo akilifanya. Alama zako na orodha ya shughuli zako kamati ya udahili inazo tayari. Kutoka kwangu wanataka nilichokishuhudia. Ndiyo maana nasema barua yako inaanza siku ya kwanza unapoingia kliniki, hata kama utaiomba mwakani.

Kumpata daktari ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Anza na wanaokufahamu: daktari anayekutibu wewe, kliniki ya chuo chako, mshauri wa wanafunzi wanaojiandaa kwa udaktari, jirani aliye muuguzi, ofisi ya wanaojitolea hospitalini. Ukiandika baruapepe kwa usiyemjua, iwe fupi: wewe ni nani, unasoma wapi, kwa nini umemchagua yeye, siku zipi una nafasi. Omba kidogo. Nusu siku moja ni rahisi kukubaliwa, na ukiwa mtulivu utaambiwa urudi. Mnakilie pia meneja wa kliniki, maana ratiba iko mikononi mwake na mara nyingi yeye ndiye atakayekujibu. Wiki ikipita kimya, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha nenda kwa mwingine. Kimya cha daktari kwa kawaida ni wingi wa kazi, usikichukue moyoni.

Ukikubaliwa, makaratasi yanafuata. Utapewa mafunzo mafupi kuhusu sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, inayolinda taarifa za mgonjwa, na utatia sahihi hati ya kutunza siri. Sehemu nyingi hutaka pia kipimo cha kifua kikuu na uthibitisho wa chanjo, hasa ya mafua, surua na homa ya ini aina ya B. Tafuta kadi yako ya chanjo kabla hujaulizwa. Nimeona wanafunzi wakichelewa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Sasa chumbani. Mimi hutangulia kuingia, namwuliza mgonjwa kama anaridhia mwanafunzi awepo. Akikataa, unabaki nje bila kununa. Akikubali, jitambulishe kwa jina na useme wewe ni mwanafunzi. Mtu akikuita "daktari" msahihishe papo hapo. Simama mahali ambapo unauona uso wa mgonjwa bila kuziba njia yangu wala kompyuta. Usimguse mgonjwa. Simu izimwe, ikae ndani ya mkoba. Viatu vifunike vidole, na usijipake manukato, kwa sababu wenye pumu wanakuja hapa kutafuta pumzi. Kula kabla hujaja. Ukihisi kizunguzungu kwenye kidonda au damu, keti chini mara moja, hata sakafuni, kuliko kujikaza ukaanguka. Hakuna atakayekudharau.

Maswali yahifadhi hadi tutoke kwenye korido. Hapo ndipo ninapokujua. Mwanafunzi mmoja aliwahi kusimama kimya wakati nikimweleza mama mzee mwenye kisukari jinsi ya kuongeza dozi ya insulini. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno. Tulipotoka, mwanafunzi akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, ulipompa bomba la sindano aonyeshe anavyopima, alilisogeza mbali, akalileta karibu, halafu akamtazama binti yake. Inawezekana haoni ile mistari?" Tukarudi ndani. Kweli, mistari hakuiona. Kisukari huweza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho taratibu, na mama alikuwa akikisia dozi. Tulimpatia kalamu ya insulini yenye mlio kwa kila uniti, tukampeleka kwa daktari wa macho. Mwanafunzi yule hakuwa amesoma chochote kuhusu macho. Alitazama mikono ya mgonjwa wakati mimi natazama skrini. Aya nzima ya barua yake ilihusu dakika zile.

Kila jioni, andika. Tarehe, saa ulizokaa, aina ya kliniki, jambo moja lililokugusa na swali lililobaki. Usiandike jina la mgonjwa, umri kamili, mahali anapoishi, wala kitu kingine cha kumtambulisha. Daftari hilo litakusaidia mara mbili: utakapojaza fomu ya AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba shule nyingi za udaktari hapa Marekani, ambayo ina nafasi ya shughuli 15 na inakuruhusu kuchagua 3 zenye maana zaidi kwako, na utakapotaka kunikumbusha tulichokiona pamoja.

Neno moja kwa wanaokwenda nchi nyingine wakati wa likizo na kuruhusiwa kushona vidonda au kuzalisha: kataa. Mgonjwa yule ana haki ya mtu aliyefunzwa, na kamati za udahili hapa zikisoma habari hiyo haziioni kuwa ushujaa.

Tuje kwenye kuomba barua. Kwanza soma masharti ya kila shule. Nyingi hutaka barua za walimu wa sayansi, au barua ya kamati ya chuo chako inayowapima wanaoomba udaktari, kabla hazijafikiria ya daktari uliyemfuata. Ya daktari ni nyongeza, na ikiwa alikuona asubuhi moja tu, ni nyongeza dhaifu. Afadhali umwombe anayekusimamia unapojitolea kila wiki. Shule za osteopathia, tawi jingine la udaktari hapa Marekani linalotoa shahada ya DO badala ya MD, ziko tofauti kidogo: baadhi hudai au hupenda barua ya daktari, hasa aliyehitimu osteopathia. Wanaoomba udaktari wa meno wamfuate daktari wa meno, na fomu zao hupitia mfumo mwingine.

Omba ana kwa ana ukiweza, mwishoni mwa siku, wakati wagonjwa wamekwisha. Swali lenyewe liwe hivi: "Daktari, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?" Swali hilo linampa mlango wa kusema hapana kwa heshima. Akisita, akasema "nitajaribu", mshukuru na utafute mwingine. Barua vuguvugu inaumiza kuliko kukosa barua.

Akikubali, siku hiyohiyo mtumie kila kitu kwa baruapepe moja: wasifu wako, rasimu ya maelezo yako binafsi (insha ya kwa nini unataka udaktari), tarehe ya mwisho, fomu ya AMCAS ya kuombea barua yenye namba ya kuitambulisha barua hiyo, na nusu ukurasa wa kumbukumbu kutoka kwenye daftari lako. Mkumbushe kwamba barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kliniki, iwe na tarehe na sahihi. Fomu itakuuliza kama unaachia haki ya kuisoma barua, haki inayotokana na FERPA, sheria ya 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Iachie. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiki sana.

Daktari akikwambia, "Andika mwenyewe, nitatia sahihi," usikubali, hata akiwa na nia njema. Mwambie unapendelea maneno yawe yake, na umpe zile kumbukumbu ili kazi iwe nyepesi. Wasomaji wa barua hizi wanatambua sauti ya mwombaji ikijisifu.

Maombi ya AMCAS huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo omba barua Februari au Machi. Fomu yako inaweza kuanza kushughulikiwa hata kabla barua haijafika, lakini shule nyingi hazitalisoma faili lako hadi likamilike. Mkumbushe daktari wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sentensi mbili tu.

Barua ikishatumwa, shukuru, na uniambie matokeo, hata yakiwa mabaya. Hasa yakiwa mabaya. Barua za AMCAS hazihamishwi kwenda maombi ya mwaka unaofuata. Itabidi itumwe upya, na nikijua umefanya nini tangu tulipoonana, nitaongeza aya nyingine badala ya kubadilisha tarehe tu.