Kabla hujafungua sampo ya giaboksi nyumbani

Kubadilisha filta ya giaboksi ya otomatiki nyumbani ni kazi inayowezekana. Bolti za sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kwa Toyota nyingi ni za spana namba 10, na filta yenyewe hushikwa na bolti chache tu. Ila wengi hufungua kabla hawajajua giaboksi yao ni ya aina gani, na hapa Pemba ukishamwaga oili ndiyo ukagundua umekosa kitu, kitu hicho kiko Unguja au Kariakoo, na gari yako itakaa juu ya stendi ikingoja boti.

Basi la kwanza, jua giaboksi yako. Usiagize chochote kwa jina la gari.

Mume wa dada yangu aliendesha Toyota IST ya zamani kwa miaka mingi, akaiuza, akanunua ile ya umbo jipya. Kwake yeye IST ni IST. Kumbe ile ya mwanzo, iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, ina otomatiki ya gia nne, na ya pili nyingi zake ni CVT. CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ndani mna ukanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kibane chuma bila kuteleza. ATF ya kawaida, yaani oili ya otomatiki za gia, haiwezi kazi hiyo. Shemeji akaagiza filta, gasketi na ATF, vyote vya gari ya zamani, vikaja na boti, akafungua siku ya pili yake asubuhi.

Gasketi ilisema mapema. Alipoilaza juu ya sampo, matundu mawili yalikubali na mengine yote yakaangukia nje ya ukingo. Kijana aliyekuwa akimpokelea spana akamwambia, "Ami, hii si yake." Akajibiwa, "Paka silikoni, mwanangu, tumalize kabla ya adhuhuri." Filta nayo haikuingia, wakaikosha ile kuukuu wakairudisha. Wakamimina ATF, gari ikawaka, ikaenda mpaka Gombani vizuri kabisa. Kwenye mpando wa kwanza wa njia ya Wete ikaanza kutetemeka: injini inapiga kelele, mwendo unakufa. Aliendelea kuitumia hivyo hivyo akidhani itazoea. Alipokuja kutiwa oili yake ya haki, puli zilishachubuka. Giaboksi iliyotumika ikaletwa kutoka Dar, na pesa iliyoilipia ilikuwa ni ada ya shule aliyoiweka dada yangu. Naumia kila nikikumbuka, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kwenye gari muda wote.

Funua boneti, tafuta kibati cha chuma chenye namba ya chasisi, kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Kama hakipo, tazama nguzo ya mlango. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani kina mstari wa TRANS/AXLE. Kwa gari isiyo na klachi ya mguu, herufi U au A mwanzoni ni otomatiki ya gia, K ni CVT. Chomoa na dipstiki ya giaboksi, kile kijiti cha kupimia oili: mara nyingi aina ya oili imegongwa pale pale, kwa mfano T-IV. Rangi isikudanganye, oili nyekundu ziko nyingi na si moja. Piga picha kibati, mpelekee muuzaji, na vitu vikifika vilinganishe kabla ya kulegeza bolti hata moja. Gasketi isiyokubali ikurudishe dukani.

Kama giaboksi haina dipstiki, jaribu kwanza kulegeza nati ya kujazia. Ikiwa imekamatwa na kutu, na chumvi ya bahari inavyokula vyuma vyetu, ujue kabla hujamwaga oili.

Jeki peke yake usiiamini. Stendi mbili, mawe nyuma ya matairi, na pahala pa tambarare, ingawa najua kwetu Pemba tambarare ni ya kutafutwa. Acha oili ipoe iwe vuguvugu. Usifanye siku ya upepo wa vumbi, wala Ijumaa karibu na sala, maduka yamefungwa na ukipungukiwa huna pa kukimbilia.

Oili inayotoka ipime. Imimine kwenye chupa za maji za lita moja na nusu uzipange, ndipo utajua urudishe kiasi gani. Usishangae ikitoka lita tatu hivi: nyingine hubaki ndani ya konveta, ile ngoma iliyo kati ya injini na giaboksi. Kwenye sumaku za sampo utakuta matope ya kijivu, hayo ni ya kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyong'aa, simama hapo hapo umwite fundi wa giaboksi. Filta ikiwa na mpira wa duara shingoni, hakikisha ule wa zamani umetoka nayo. Ukibaki juu, filta mpya itavuta hewa. Sampo ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Bolti ndogo zile huingia kwenye aluminiamu. Nguvu ya kuzikaza ni kama 8 Nm tu kwenye spana ya kupimia, kaza kwa mkupuo mdogo mdogo, ukifuatisha zinazokabiliana. Mkono wa mtu mwenye hasira huharibu uzi wa bolti kwa dakika moja.

Ukishajaza, washa, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudi P, na upime kiasi cha oili injini ikiwa inanguruma na oili imepata moto. Asisimame mtu mbele ya gari wala nyuma yake. Oili chafu usiimwage shimoni wala mtaroni, visima tunavyokunywa viko hapo hapo. Itie dumuni uifunge, uiweke mbali na watoto. Laza boksi la karatasi chini ya gari usiku, asubuhi uangalie tone. Na ikiwa gia zilikuwa zikiteleza tangu mwanzo na oili inanuka kuungua, filta mpya haitaiponya, pesa yako iweke kwanza.