Sufuria ya Apo: kupika mboga tupu kwa kufuata majira ya Guangzhou

Mwezi wa Machi hapa Guangzhou kuta zinatoka jasho. Hewa nzito ya baharini inaingia mjini, inakuta saruji bado imeshika baridi ya Februari, na maji yanachuruzika ukutani mpaka vigae vinateleza. Wenyeji wanaiita huinantian. Nguo ukifua Jumatatu, Alhamisi bado inanuka uvundo kwenye kamba. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani naumwa: kichwa kizito, miguu mizito, tumbo limejaa kama nimetoka kwenye pilau ya harusi ilhali sijala kitu. Jirani wa ghorofa ya chini, mama wa miaka sabini na ushei ambaye mtaa mzima unamwita Apo, yaani bibi, alinikuta kwenye ngazi. Hakunipa pole. Aliniambia nitoe ulimi.

Nikautoa. Akautazama ule utando mweupe, akasema unyevu umekuingia, akaingia ndani na kunitolea mfuko wa nafaka.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu kukusanya mizigo ya wafanyabiashara na kuipakia kontena. Ninayoandika hapa nimeyapata kwenye jiko la Apo. Si tiba. Mgonjwa aende hospitali, na mwenye kumeza dawa za kila siku amuulize daktari kabla ya kuchemsha mizizi ya watu.

Mbona mboga tupu? Apo hufuata desturi ya Kibudha: tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa kalenda ya Kichina hagusi nyama, samaki wala pombe. Kwangu mimi Mwislamu hizo ndizo siku pekee ninazoweza kukaa mezani kwake bila wasiwasi. Naye anahesabu mwezi kama sisi, ila mosi yake hutangulia yangu kwa siku moja au mbili, maana yeye anaanza mwezi ukiwa umefichika kabisa, mimi nasubiri uandame. Nje ya jiko lake, uliza sana. Sahani ya mboga mkahawani inaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, supu ya mboga imechemshwa na mifupa, na sosi ya chaza humiminwa juu ya kila jani la kijani.

Kabla ya kuwasha jiko, jua tabia ya chakula. Hapa watu wa pwani hatuanzi sifuri. Nani hakuambiwa utotoni kwamba tende zina joto na dafu lina baridi? Wachina wamelipanga jambo hilo kwa ngazi. Karela, tikiti na mwani ni baridi. Choroko, peasi, tofu na figili vina ubaridi kidogo. Mchele, karoti, karanga na soya nyeusi viko katikati. Tangawizi, boga na ganda kavu la chenza vina uvuguvugu. Pilipili kavu na mdalasini ni moto. Na upishi unabadili tabia: karanga ya kuchemsha iko katikati, ukiikaanga inapanda joto, ndiyo maana ukila vya kukaanga wiki nzima na mdomo ukatoka vidonda, Apo atakuambia una jit hei, joto limekupanda. Kuna pia ladha tano, kila moja na kiungo chake cha mwili: chachu kwa ini, uchungu kwa moyo, utamu kwa wengu, ukali kwa mapafu, chumvi kwa figo. Msizikariri kama jedwali la kuzidisha. Apo mwenyewe anaangalia vitu viwili tu, dirisha na ulimi, ndipo anachagua sufuria.

Sasa mchuzi wa msingi, kwa sababu wengi wanashindwa hapo. Siku za mboga Apo hatumii kitunguu maji, kitunguu saumu wala liki. Desturi ya Kibudha inavikataa. Mara ya kwanza niliona ni adhabu. Mswahili apike bila kitunguu? Lakini tangawizi inaruhusiwa, na utamu wa mchuzi unatoka kwenye uyoga mkavu na soya iliyochipua. Loweka uyoga 6 mkavu aina ya shiitake kwa dakika 30 katika maji ya uvuguvugu, na hayo maji usiyamwage. Kaanga gramu 300 za machipukizi ya soya (yale yenye kichwa kikubwa cha njano, si ya choroko) kwa kijiko kimoja cha mafuta ya karanga mpaka harufu ya ubichi iishe. Tia uyoga, maji yake, karoti moja na lita 2 za maji. Moto mdogo, saa moja. Chuja. Usipokaanga machipukizi kwanza, mchuzi utanuka majani.

Turudi kwenye unyevu. Nafaka aliyonipa Apo sokoni inaitwa yimi, nyeupe, ya mviringo, ina mfereji katikati. Mwenzake ni chixiaodou, maharage madogo mekundu, marefu na membamba. Wauzaji watakupa yale ya duara kwa sababu yanaiva haraka na ni mazuri kwa vitamutamu. Kataa, kwa kazi hii wanataka yale membamba. Chukua gramu 50 za kila moja. Yimi kaanga kwenye karai kavu bila mafuta, ukikoroga, mpaka ibadilike rangi na inukie kama bisi: mbichi ina ubaridi, na tumbo lenye unyevu halitaki ubaridi zaidi. Maharage yaloweke saa nne. Chemsha pamoja katika lita 2 za maji na kipande cha ganda la chenza, saa moja na nusu. Ganda zuri linatoka Xinhui, hapa hapa Guangdong, na kadiri linavyokaa miaka ndivyo bei inavyopaa. La miaka mitatu linatosha. Usitie mchele, utaleta ute. Kunywa maji yake vuguvugu, kula nafaka ukipenda. Mjamzito asinywe, Apo ni mkali sana hapo: yimi kwao ni mwiko kwa mimba.

Majira hayo ya kuchipua, ushauri wa zamani unaotajwa kuwa wa tabibu Sun Simiao wa enzi ya Tang ni kupunguza uchachu na kuongeza utamu, ili ini lisilemee wengu. Utamu si sukari. Ni utamu wa huaishan, mzizi mrefu wa jamii ya viazi vikuu vyetu. Vaa glavu unapomenya. Mimi sikuvaa, nikajikuna mikono mpaka adhuhuri. Kata vipande vya mshazari, tumbukiza mara moja kwenye maji yenye siki kidogo visigeuke rangi, kisha kaanga upesi kwa moto mkali pamoja na uyoga mweusi wa sikio la mti, karoti na tangawizi. Dakika tatu. Chumvi, basi.

Kiangazi cha hapa ni joto la kuoga mara tatu kwa siku, na watu hukimbilia choroko. Usiipike kwa nazi hapa. Ukitaka maji ya kupoza, chemsha gramu 100 katika lita moja na nusu kwa dakika 10 tu, chuja yakiwa bado ya kijani, kunywa. Ukitaka kula choroko zenyewe, endelea mpaka zipasuke, tia sukari kidogo. Lakini usinywe baridi kutoka friji! Apo ananipigia kelele kila nikifungua friji mwezi wa Julai: nje kuna moto, tumbo lako lina baridi, wewe unalimwagia barafu? Wana msemo kwamba wakati wa baridi kula figili, wakati wa joto kula tangawizi, na hutahitaji daktari kukuandikia dawa. Nami niliona umegeuzwa kichwa chini miguu juu, mpaka aliponieleza kwamba kiangazi joto la mwili linakwenda kwenye ngozi na kuacha tumbo wazi.

Karela ndiyo mboga yangu ya kiangazi. Pasua mbili, kwangua mbegu na ule utando mweupe wote kwa kijiko, kata vipande vyembamba, nyunyizia kijiko cha chai cha chumvi, ngoja dakika 10, suuza, kamua. Karai lipate moto, mafuta, tangawizi, kijiko cha chakula cha douchi, soya nyeusi zilizochachushwa, uzisuuze na kuzikatakata kwanza maana zina chumvi nyingi. Tia karela, dakika tatu, sukari chembe moja. Uchungu ubaki. Anayetaka karela isiyo na uchungu apike tango.

Vuli ya hapa inakuja kimya, mwezi wa Oktoba unashtukia midomo imekauka. Ni mapafu yanalia ukavu, wanasema. Peasi moja, kichwa kimoja cha yin'er, uyoga mweupe kama ua la karatasi, na punje kumi za gouqi, zile beri nyekundu. Loweka yin'er saa mbili, kata kitako cha njano, nyambua, chemsha saa moja na nusu mpaka maji yavute ute; peasi na sukari ya mawe viingie dakika 20 za mwisho, gouqi dakika tano. Tahadhari moja ya kweli kabisa: usiloweke uyoga usiku kucha nje ya friji. Unaweza kuota sumu isiyokufa hata ukichemsha.

Kuhusu baridi, nianze na dada yangu. Nilimtumia maelekezo ya mchuzi wa majira ya baridi: soya nyeusi, karanga, tangawizi nyingi, na hongzao, zile wanazoziita tende nyekundu, ambazo si tende hata kidogo, ni ndugu wa kunazi. Akapika Tanga, Desemba, kwa sababu niliandika Desemba. Siku ya tatu akanipigia: pua inatoka damu, jasho halikauki, na watoto wamegoma kula. Kosa langu. Kalenda ya Kichina ina vituo 24 vya jua, yaani inagawa mwaka vipande 24 kwa mwendo wa jua, kila kimoja na chakula chake, lakini imetengenezwa kwa ajili ya nchi ile na baridi ile. Desemba ya Tanga ni sufuria ya karela na choroko. Masika ikifika, chumvi ikalowa kwenye kopo na unga ukaota kuvu, hapo ndipo mtu anatafuta yimi.

Sikukuu ya majira ya baridi ni Dongzhi, siku yenye mchana mfupi kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, na watu wa Guangdong husema Dongzhi ni kubwa kuliko mwaka mpya. Apo ananiita kuviringisha tangyuan, vidonge vya mchele vinavyofanana na kaimati ila havikaangwi. Gramu 200 za unga wa mchele wa kunata, maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kama mililita 170, kanda mpaka unga ulainike kama ncha ya sikio lako. Viringisha. Pembeni chemsha gramu 50 za tangawizi iliyopondwa na vipande viwili vya sukari guru katika lita moja ya maji, nusu saa. Vidonge vichemshe kwenye maji matupu. Vikielea ongeza dakika mbili, kisha hamishia kwenye maji ya tangawizi.

Maji ya tangawizi yakibaki, weka ya asubuhi. Usiku Apo hakuruhusu kuyagusa: tangawizi ya usiku, anasema, ni sumu ya panya. Mwaka jana nilikunywa kwa siri saa tano usiku, nikalala kama mtoto. Sijamwambia.